Tani Zinahesabiwa, Gramu Zinafichwa

Mwezi uliopita nilialikwa kutoa mada katika warsha ya siku mbili jijini Dodoma. Warsha ilihusu magonjwa yasiyoambukiza, na ukumbini walikuwamo maofisa wa halmashauri, wahadhiri wenzangu na vijana wa asasi za kiraia. Mbele ya kila mshiriki palikuwa na chupa ya maji, soda, boksi dogo la juisi na pakiti ya biskuti. Mtoa mada wa kwanza alituonesha picha ya ini lililojaa mafuta na ya mguu uliokatwa kwa sababu ya kisukari. Tukamsikiliza kwa makini huku tukinyonya juisi kwa mrija. Saa nne chai ililetwa ikiwa imekwisha kutiwa sukari jikoni, kwa kipimo cha mpishi. Nilipoomba maji ya moto matupu na karanga, jirani yangu, ofisa wa makamo mwenye huruma ya kweli, aliniinamia akaninong'oneza: "Daktari, pole sana. Kumbe nawe una kisukari?"

Sina kisukari. Utumbo wangu mwembamba haufyonzi vizuri fruktosi, ile ambayo wengi huijua kama sukari ya matunda. Fruktosi isiyofyonzwa hushuka hadi kwenye utumbo mpana, bakteria wakaichachusha, na matokeo yake ni gesi, tumbo kujaa, msokoto na kuhara. Hali hii haiui. Lakini inaweza kumtoa mhadhiri darasani mara mbili ndani ya kipindi kimoja, na inaweza kumfanya msafiri wa basi la Dar es Salaam kwenda Mbeya ashinde na njaa kutwa nzima kwa kuhofia kile kitakachomkuta kabla ya kituo kinachofuata.

Niliishi na hali hiyo kwa miaka mingi bila kujua jina lake. Nilitibiwa taifodi, nikatibiwa amiba, nikaambiwa nina vidonda vya tumbo. Mzee mmoja mwenye nia njema alinishauri ninywe asali kila asubuhi, kwa kuwa asali ni dawa. Asali ina fruktosi nyingi kuliko glukosi, na glukosi ndiyo inayousaidia utumbo kuifyonza fruktosi. Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nikijiongezea ugonjwa kwa kijiko, tena kwa shukrani. Jina la tatizo nililipata nikiwa Ujerumani, nilikokwenda kusomea shahada ya uzamivu. Nilinyweshwa maji yaliyoyeyushwa gramu 25 za fruktosi, kisha kwa saa tatu nikawa napuliza pumzi kwenye kifaa kila baada ya nusu saa. Kifaa kilipima haidrojeni, gesi inayozalishwa na bakteria wa utumboni wanapochachusha sukari ambayo mwili umeshindwa kuifyonza. Kipimo hakina sindano wala maumivu.

Daktari hakuniandikia dawa. Alinipa orodha ya vyakula akaniambia nijifunze kusoma maandishi yaliyo nyuma ya pakiti. Nikajifunza. Huko, kila mkate, kila chupa ya sosi na kila kikombe cha mtindi kilinieleza kwa gramu kiasi cha wanga kilichomo, na chini yake, katika mstari wake wenyewe, kiasi cha sukari kati ya wanga huo. Tangu Desemba 2016 mstari huo ni wa lazima katika nchi zote za Umoja wa Ulaya kwa takriban vyakula vyote vilivyofungashwa. Nilipona kwa kusoma. Nikarudi nyumbani, na tiba yangu ikakoma siku ya kwanza nilipoingia dukani, kwa sababu hapakuwa na cha kusoma.

Hoja yangu katika makala hii ni moja. Kumficha mlaji kiasi cha sukari kilichomo katika chakula anachokinunua ni kumnyima haki ya kiraia, na dola inayoruhusu jambo hilo haiwezi kumgeukia mwananchi huyo huyo kumlaumu kwa kutojali afya yake.

Wiki iliyopita nilinunua vitu vitano katika duka lililo jirani na chuo: mkate wa maziwa, sosi ya nyanya, mtindi wenye ladha ya matunda, boksi la juisi iliyoandikwa kuwa ni ya asili, na pakiti ya ubani wa kutafuna usio na sukari. Mkate ulitaja sukari miongoni mwa viambato, bila kiasi. Sosi ilitaja sukari katika nafasi ya pili, kwa Kiingereza, kwa herufi ambazo ilinibidi nizipige picha kwa simu na kuzikuza ndipo nizisome. Mtindi ulikuwa na sukari, na juu yake "ladha", neno lisilosema ladha hiyo imetokana na nini. Juisi ilijigamba kwamba haikuongezwa sukari, ilhali kiambato chake cha pili kilikuwa juisi ya tufaha iliyokolezwa, na tufaha lina fruktosi inayokaribia kuzidi glukosi yake mara mbili. Ubani haukuwa na sukari kweli. Ulikuwa na sorbitoli, kitamu kinachochachuka tumboni namna ile ile. Katika vitu vitano, ni kimoja tu kilichotaja sukari kwa gramu.

Hivi ndivyo sukari inavyojificha: hubadili majina. Mara ni sukari guru, mara molasi, mara dekstrosi, mara sharubati ya glukosi, mara sharubati ya mahindi yenye fruktosi nyingi, mara asali, mara juisi iliyokolezwa. Kanuni ya kimataifa inataka viambato viorodheshwe kwa kufuata uzito, kizito kikitangulia. Kanuni ni nzuri, lakini mtengenezaji mjanja huigawa sukari yake katika majina matatu, kila jina likashuka chini ya orodha, na unga au tunda likabaki juu likitabasamu. Msomaji asiye na gramu mbele yake hana namna ya kuugundua ujanja huo, hata awe na shahada tatu.

Mimi ni mgonjwa mwepesi. Wapo wenye hali nzito kuliko yangu. Kuna maradhi ya kurithi ambayo ini la mtu linakosa uwezo wa kimeng'enya kiitwacho aldolesi B, na fruktosi ikiingia mwilini huwa sumu: mgonjwa hutapika, glukosi katika damu huporomoka, na akiendelea kulishwa ini na figo huharibika. Madaktari Chambers na Pratt waliyaeleza maradhi hayo mwaka 1956 katika jarida la Lancet, wakimzungumzia mwanamke wa miaka 24. Ni maradhi adimu. Lakini hebu tufikiri jinsi yanavyoanza. Maziwa ya mama hayana fruktosi, hivyo mtoto mchanga hushamiri vizuri kabisa. Akifikia umri wa kulikizwa, huanzishiwa uji uliotiwa sukari na juisi ya matunda, vitu ambavyo mama ameambiwa ni lishe. Hapo ndipo anapoanza kutapika, kulegea na kukonda. Sukari ya mezani nayo ni adui yake, kwa sababu nusu yake ni fruktosi. Akipelekwa kutibiwa homa, atapewa dawa ya maji iliyotiwa utamu kwa sukari au kwa sorbitoli, na sorbitoli mwilini hugeuka kuwa fruktosi. Katika Umoja wa Ulaya, karatasi iliyomo ndani ya boksi la dawa kama hiyo hutakiwa kuwaonya watu wenye maradhi haya. Hapa kwetu, mtoto wa namna hiyo akizaliwa leo, majirani watasema amebemendwa, na mama yake ataubeba mzigo wa aibu usiokuwa wake. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Hapa anayeficha ni mwingine, na anayeumbuliwa ni mama.

Ndugu msomaji, sukari haijawahi kuwa suala la jikoni tu. Katika karne ya 19 mashamba ya miwa ya Pangani yalilimwa kwa jasho la watumwa. Leo, sukari ikiadimika madukani, Bunge hupaza sauti, mawaziri huitisha waandishi wa habari, na vibali vya kuagiza kutoka nje huwa habari ya ukurasa wa mbele. Tunayo Bodi ya Sukari. Tunajua viwanda vyetu kwa majina, Kilombero, Mtibwa, Kagera na TPC, na kila msimu tunaelezwa vimezalisha tani ngapi na pengo ni tani ngapi. Dola yetu, basi, inaijua sukari vizuri mno. Inaijua ikiwa ghalani, bandarini na kwenye hesabu za kodi. Inapofika kinywani mwa mwananchi, hesabu inakoma. Tani ni za serikali na mwekezaji. Gramu, ambazo ni za mlaji, hazina wa kuzisemea.

Si kwamba hatujui la kufanya. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba sukari huru, yaani ile inayoongezwa kwenye chakula pamoja na iliyomo katika asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati yote anayoipata mtu kwa siku, na likaongeza kwamba kushuka chini ya asilimia 5 kuna manufaa zaidi. Kwa mtu mzima wa kawaida, asilimia 5 ni takriban gramu 25, sawa na vijiko 6 vya chai. Soda ya kola ya kawaida huwa na kati ya gramu 10 na 11 za sukari katika kila mililita 100. Chupa moja ya mililita 350 inabeba, basi, zaidi ya gramu 35, karibu vijiko 9. Mshiriki wa warsha ya Dodoma aliyekunywa soda yake moja alikuwa amekwisha kukivuka kiwango hicho kabla hajagusa juisi, biskuti wala chai. Alikivuka akiwa anasikiliza mhadhara kuhusu hatari ya kukivuka.

Codex, mpango wa viwango vya chakula ulioanzishwa na mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa mwaka 1963, na ambao nchi yetu ni mwanachama wake, unaitaja jumla ya sukari miongoni mwa mambo yanayopaswa kuorodheshwa kwenye maelezo ya virutubishi. Chile ilikwenda mbali zaidi: tangu Juni 2016 chakula chenye sukari nyingi hubeba usoni alama nyeusi yenye pembe nane inayosema hivyo kwa maneno machache. Mexico ikafuata mwaka 2020 kwa alama zinazofanana na hizo. Chile na Mexico si Ulaya. Ni nchi zilizonyonywa kama sisi, zikaamua kwamba raia wao hawatakula gizani.

Najua majibu nitakayopewa, kwa maana nimekwisha kuyasikia.

La kwanza ni kwamba hili ni tatizo la wachache, tena wasomi waliorudi kutoka ng'ambo na matumbo ya kizungu. Ugonjwa usiopimwa hauhesabiwi, na usiohesabiwa huonekana haupo. Mimi mwenyewe nilikuwa "taifodi" katika vitabu vya zahanati kwa miaka mingi. Lakini tuseme kweli ni wachache. Ngazi ya mteremko kwenye mlango wa ofisi ya umma haibomolewi kwa sababu wenye viti vya magurudumu ni wachache. Isitoshe, mstari ule mmoja wa gramu utamfaa mwenye kisukari, mzazi mwenye mtoto ambaye meno yameoza, mwenye ini lenye mafuta, na mtu mzima asiye na ugonjwa wowote anayetaka tu kujua fedha yake imenunua nini.

La pili ni kwamba tutaviua viwanda vidogo. Hakuna anayemdai mama muuza maandazi alete cheti cha maabara. Sukari yake tunaiona ikimiminwa, na muuza juisi ya miwa anakamua mbele ya macho yetu. Tunazungumza na viwanda vikubwa. Kiwanda kinachochanganya unga na sukari kwa mashine hakiwezi kudai kwamba hakijui kipimo chake, kwa sababu mashine isiyopewa kipimo haiwashwi. Gramu zinajulikana. Zimeandikwa katika karatasi ya meneja wa uzalishaji. Tunachoomba ni kwamba karatasi hiyo ihamie kwenye pakiti.

La tatu ni kwamba Watanzania hawasomi maandishi ya pakiti. Si kweli. Nendeni katika duka lolote mkamtazame bibi anavyoigeuza pakiti ya maziwa akitafuta tarehe ya mwisho wa matumizi. Aliizoea tarehe hiyo kwa sababu ipo, inaonekana, na ameambiwa maana yake. Hakuna anayeweza kuzoea kusoma kitu ambacho hakijaandikwa.

La nne, na ndilo linaloniudhi, ni kwamba kila mtu ajichunge mwenyewe. Mtu hujichunga na kitu anachokiona. Ukishaizima taa, usimlaumu mwenzio kwa kujikwaa.

Liko pia suala la lugha, na hapa sisi wasomi hatuna pa kujificha. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Tulishangilia, na tulistahili kushangilia. Lakini raia aliyepewa haki ya kuhukumiwa kwa lugha yake bado analishwa kwa lugha ya wengine. Na sisi tunaosomesha lishe, uchumi na afya ya jamii tunaandika kuhusu sukari kwa Kiingereza, katika majarida yanayolipiwa, ili tupandishwe vyeo. Kisha tunashangaa kwamba neno fruktosi ni geni masikioni mwa mtu anayeila kila siku. Nami nimo katika lawama hii. Hii ni makala yangu ya kwanza kuhusu jambo hili kwa Kiswahili, na nimeishi nalo kwa zaidi ya miaka kumi tangu nilijue jina.

Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo yaliyo muhimu kwa maisha yake na kwa jamii. Tumezoea kuitumia ibara hiyo tunapozungumzia magazeti, mitandao na siasa. Mimi nauliza: ni taarifa ipi iliyo muhimu kwa maisha kuliko ile ya kitu kinachoingia mwilini mara tatu kwa siku?

Kwa hiyo madai yangu nayaelekeza panapohusika. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama na ubora wa chakula umo mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS, baada ya jukumu hilo kuondolewa katika iliyokuwa TFDA. Dawa zikabaki kwa TMDA. TBS ilazimishe kila chakula na kinywaji cha kiwandani kitaje kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka bila miwani ya bibi, gramu za sukari yote na gramu za sukari iliyoongezwa katika kila gramu 100 au mililita 100. Ikataze kuandika "asili" na "haikuongezwa sukari" juu ya juisi ya tunda jingine iliyokolezwa. Ilazimishe fruktosi na sorbitoli zitajwe kwa majina yake. TMDA nayo ihakikishe dawa za maji za watoto zinataja kitamu kilichomo na kutoa onyo, kwa Kiswahili. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Nimalizie pale nilipoanzia. Zamu yangu ya kutoa mada ilipofika, niliiweka kando hotuba niliyoiandaa. Niliwaomba washiriki wachukue maboksi yao ya juisi na wanitajie gramu za sukari zilizomo. Ukumbi ulikuwa na watu wapatao arobaini, wote wasomi, wengi wao watumishi wa umma katika sekta ya afya. Waligeuza maboksi, wakavaa miwani, wakavua miwani, wakaulizana. Baada ya dakika tatu mama mmoja, ofisa lishe, alinyanyua mkono akasema: "Daktari, hapa imeandikwa wanga tu. Sukari haikuandikwa." Jirani yangu aliyenipa pole asubuhi alilitazama boksi lake tupu kwa muda, kisha akalisukuma mbali.

Siku ya pili ya warsha, juisi na soda vilikuwapo tena mezani, kwa kuwa viliagizwa tangu mwezi uliotangulia na fedha zilishalipwa. Wewe mtumishi unayesoma makala hii, huenda ndiye utakayeandika dokezo la warsha ijayo. Andika maji, karanga, ndizi na chai ambayo kila mtu ataitia sukari mwenyewe. Nawe mwanafunzi, piga picha pakiti zisizotaja gramu, uzikusanye, na uipelekee TBS barua yenye sahihi zenu. Barua hiyo iandikwe kwa Kiswahili, na nakala yake nibandikeni kwenye mlango wa ofisi yangu, nitaweka sahihi.